Nyuzi za Programu na Nyuzi za Kiini: Mfano wa Malori ya Lushoto

Neno uzi, kama litumikavyo katika elimu ya kompyuta, lina maana mbili zisizopasa kuchanganywa. Kwanza ni mfululizo wa amri zitekelezwazo moja baada ya moja, alioubuni mwandishi wa programu. Huu ni uzi wa programu. Pili ni uzi utambuliwao na kiini, yaani sehemu ya ndani ya mfumo endeshi, igawayo zamu za kichakataji. Kiini hakimpi zamu ila uzi wake chenyewe. Basi hapana budi kila uzi wa programu upakiwe juu ya uzi wa kiini ndipo upate kufanya kazi. Na swali ni hili: upakiwe kwa kanuni gani?

Mkulima wa Lushoto ateremshaye mboga kwa njia ya Soni hata Mombo aweza kulifahamu jambo hili pasipo taabu. Matenga ya nyanya yawe nyuzi za programu, malori yawe nyuzi za kiini, na barabara iwe kichakataji. Msimamizi wa barabara huhesabu malori tu. Matenga yaliyomo hayaoni.

Kanuni ya kwanza ni nyingi kwa moja: wakulima wote hupakia lori moja. Gharama ni ndogo, na kupeana zamu ni rahisi, kwa kuwa kiini hakisumbuliwi. Lakini mmoja wao akilisimamisha lori Soni kungoja fedha zake, mizigo ya wote hungoja, na nyanya huoza. Vivyo hivyo uzi mmoja ungojao habari kutoka diski waweza kuisimamisha programu nzima; tena, vichakataji vijapokuwa vinne, programu hiyo hutumia kimoja tu kwa wakati mmoja. Ndivyo zilivyokuwa zile “nyuzi za kijani” za lugha ya Java katika miaka ya 1990.

Kanuni ya pili ni moja kwa moja: kila mkulima na lori lake. Asimamaye husimama peke yake. Lakini malori ni ghali, kwani kila uzi wa kiini huchukua sehemu yake ya kumbukumbu. Linux na Windows kwa kawaida hufuata kanuni hii.

Kanuni ya tatu ni nyingi kwa kadhaa: matenga mengi hugawanywa katika malori machache, na lori likikwama, mizigo isiyopakiwa bado hupewa jingine. Lakini yahitaji mpangaji wa pili ndani ya programu, naye hajui yote atendayo mpangaji wa kiini. Solaris iliiacha katika toleo la 9, mwaka 2002. Na katika Linux kanuni ya moja kwa moja ilithibitishwa mwaka 2003 kwa maktaba ya NPTL, kazi ya Ulrich Drepper na Ingo Molnar. Hata hivyo haikufa: lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, huitumia, na Java iliirudia katika toleo la 21, mwaka 2023.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye “uzi” pasipo kusema ni wa programu au wa kiini humpoteza mwanafunzi. Asomaye kwamba programu ina nyuzi elfu atadhani zote zaweza kwenda pamoja, kumbe barabarani lipo lori moja tu, nalo limesimama Soni.