Pepa Likivuja Kwenye Projekti Yako

Msimu wa projekti za mwaka wa mwisho ndio huu, na swali linalozunguka maabara ya kompyuta ni moja: data ina safu 200, nibakize zipi?

Safu hizo ndizo sifa ambazo modeli itajifunza kwazo, na njia za kuzichagua ni tatu. Ya kwanza ni kuchuja: unapima kila sifa inavyohusiana na jibu, dhaifu unazitupa. Ni ya haraka hata sifa zikiwa maelfu, ila inazitazama mojamoja. Sifa mbili zinazofanya kazi zikiwa pamoja tu zinaweza kuipita.

Ya pili ni kujaribu makundi ya sifa kwenye modeli yenyewe. Hii inakula muda balaa: sifa 20 tu zina makundi zaidi ya milioni 1. Ndiyo maana watu huongeza au kupunguza sifa mojamoja.

Ya tatu, modeli inachagua huku inajifunza, kama Lasso ya Robert Tibshirani ya mwaka 1996. Angalizo: sifa zikifanana sana, Lasso huweza kubakiza moja na kutupa nyingine. Usiandike kwenye ripoti kwamba iliyotupwa haina maana.

Sasa ipi bora? Sifa nyingi, sampuli chache: anza na kuchuja au Lasso. Sifa chache na muda upo: jaribu makundi.

Lakini njia yoyote itakuangusha ukichagua sifa kwa data yote, halafu ndipo ugawe ya kujifunzia na ya kupimia. Hapo pepa limeshavuja. Hastie, Tibshirani na Friedman walilionyesha hili kitabuni mwao: sampuli 50, sifa 5,000 za kubahatisha, zisizohusiana kabisa na jibu. Wakachagua 100 zilizoonekana bora kwa data yote, kisha wakapima. Makosa yakasoma asilimia 3. Ukweli ni asilimia 50, sawa na kurusha shilingi.

Fikiria modeli ya namna hiyo inaamua mgonjwa gani atibiwe.

Kwa hiyo gawa kwanza. Ukipima kwa mizunguko, chagua sifa upya ndani ya kila mzunguko. Asilimia zako huenda zikashuka, na roho itauma. Ila jopo likiuliza umezipataje, utajibu bila kutokwa jasho.