Kwa nini wataalamu hufunzwa kuzungumza na mtu aliyemdhuru mtoto?

Ndugu mkazi wa Dzaleka, nawe uliye Biwi au kwingineko Lilongwe,

Mtoto akibakwa au akichezewa mwili, yeye ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Mpeleke haraka kituo cha afya cha kambi au, ukiwa Lilongwe, Hospitali Kuu ya Kamuzu. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Usimwogeshe kabla ya kupimwa wala usifue nguo zake. Toa taarifa polisi.

Je, aliyetenda naye?

Mara nyingi si mgeni. Ni jamaa, jirani au mtu anayeaminiwa nyumbani. Wazazi wakikubali fidia na kuyamaliza kifamilia, yeye hubaki mtaani na watoto wengine hubaki hatarini. Hata akifungwa, huenda siku moja atarudi. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayejua kumshughulikia.

Mafunzo hayo hufundisha nini?

Polisi, washauri nasaha, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii hujifunza:
- Kumhoji bila matusi, na bila kukubali visingizio kama "ni pombe" au "mtoto mwenyewe alitaka".
- Kupima hatari: anaishi na nani? Hupataje nafasi ya kuwa peke yake na watoto?
- Kupanga ulinzi: asikae wapi, asifanye kazi gani, nani atamfuatilia.
- Kuwasaidia mapema vijana waliowadhuru watoto. Wengi wao wakipata msaada hawarudii.

Je, huko si kumsamehe?

Hapana. Ushauri haufuti kesi, wala mtoto halazimishwi kupatana naye. Lengo ni asiumizwe mtoto mwingine.

Je, mtu anaweza kusaidiwa kabla hajatenda?

Ndiyo. Huko Berlin, Ujerumani, hospitali ya Charité imekuwa ikiwatibu tangu 2005 watu wanaojiona wana tamaa kwa watoto. Wewe mwenye mawazo hayo, usikae peke yako na mtoto. Mweleze mhudumu wa afya leo, usingoje.

Kumbuka: Ukimficha mtendaji, unamwachia mtoto wa jirani, na hata wako. Nchini Malawi unaweza kupiga simu 116, namba ya msaada kwa watoto.