Kranki Isiyokatika

Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyethubutu kuunda injini ya silinda sita alijua kinachomsubiri: kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, kukatika. Ubora wa chuma peke yake haukutosha kuiokoa. Kila silinda inapowaka, msukumo wake huinyonga kranki kidogo, nayo hujinyoosha. Kranki ya silinda sita ni ndefu, na mhimili mrefu hunyongeka upesi. Injini ikifikia mwendo fulani, misukumo hiyo huoana na mtetemo wa asili wa mhimili wenyewe, mithili ya mtu anayeisukuma bembea kila inapomrudia. Mnyongo huzidi, injini hunguruma, na chuma kikishachoka hupasuka.

Mhandisi Henry Royce wa Manchester aliionja shubiri hiyo kwenye gari lake la awali la silinda sita, la nguvu za farasi 30. Jibu lake lilionekana Novemba 1906, katika maonyesho ya Olympia, London: Rolls-Royce 40/50. Kranki yake ilikuwa nene, na hapa hesabu inapendeza kweli. Ukinzani wa mhimili dhidi ya kunyongwa hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ongeza kipenyo asilimia 20 tu, ukinzani unapita maradufu. Royce aliishikilia kranki hiyo kwa beringi saba zilizopelekewa oili kwa shinikizo. Silinda akazigawa mafungu mawili ya tatu-tatu, la nyuma likiwa kinyume cha la mbele kama sura katika kioo, ili mtikiso wa upande mmoja ufutwe na wa upande wa pili.

Injini ikawa kimya, na Claude Johnson, meneja wa kampuni, alijua kimya kinauzika. Gari moja akalipaka rangi ya fedha, akaliita Silver Ghost, na mwaka 1907 likatumwa kwenda na kurudi kati ya London na Glasgow chini ya macho ya wakaguzi wa klabu ya magari. Kwenye maili ya 629 lilizimika: koki ya petroli ilikuwa imejifunga kwa mtikisiko wa barabara! Ikafunguliwa, na kuanzia hapo gari likaenda maili 14,371, zaidi ya kilomita 23,000, bila kukwama. Lilipofumuliwa, beringi za injini hazikuonyesha kulika kunakopimika. Vipuri vya kulirudisha hali ya upya viligharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7, ilhali chasisi peke yake iliuzwa pauni 985.

Unene, hata hivyo, huongeza uzito. Ndiyo maana Royce, na mhandisi mwenzake Frederick Lanchester kwa upande wake, walishughulikia pia dawa nyingine: gurudumu dogo mbele ya kranki, linaloteleza kwa msuguano na kuumeza mtetemo. Katika magari mengi ya leo kazi hiyo hufanywa na pete ya mpira iliyobanwa ndani ya puli ya kranki. Mpira huo ukichakaa, injini huanza tena kutetema.