Musa Alimwomba Mola Wake Ampe Harun



Nabii Musa (a.s.) alipoamrishwa kumwendea Firauni, hakuona haya kumshitakia Mola wake dhiki ya kifua chake na uzito wa ulimi wake. Alimwomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake, naye akapewa. Ikiwa Mtume katika Ulul-Azmi alihitaji wa kusimama naye, vipi tumwambie mwenye dhiki ya nafsi avumilie peke yake?

Nasema haya nikijilaumu. Miaka iliyopita, mama mmoja wa hapa Magogoni alinijia akisema hapati usingizi, na hata mwanawe mchanga hamtamani. Nilimsomea, nikamwambia azidishe nyiradi, akenda zake. Kisomo ni haki na dua ni silaha ya muumini. Lakini sikumuuliza ana nani wa kuzungumza naye, wala sikumwambia aende hospitali. Aliyemwokoa ni jirani yake, ambaye naye aliwahi kuugua vivyo hivyo baada ya kujifungua. Kila baada ya alasiri alimwendea, wakichambua mchicha pamoja, mpaka siku moja wakafuatana kwa daktari.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alibainisha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na zote mbili zina tiba. Zama zetu hizi, Mkenya mwenzetu Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa na maradhi ya akili, aliandika hadharani yaliyomsibu. Wenye dhiki kama yake wakamwelekea, naye akaanzisha huduma ya kuwasaidia kwa ujumbe wa simu bila malipo. Aliyeungua ndiye ajuaye uchungu wa moto.

Basi, mama na dada zangu, mwenzio akikufungulia kifua, msikilize kabla ya kumnasihi. Usimwambie ana upungufu wa imani. Siri yake ni amana. Ila akitaja kujidhuru, usimwache peke yake: waite watu wake wa karibu, mvuke daraja mumfikishe Port Reitz, kwenye matibabu ya maradhi ya akili. Nawe ukichoka, mwombe mwingine akupokee zamu, kwani rafiki si daktari, na mzigo huu si wa mtu mmoja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na amjaalie kila mwenye dhiki Harun wake. Amin.