Programu Haitaiokoa Ndege Yako

Kila kijana anayeniletea filamu yake ya wavamizi kutoka sayari nyingine huuliza lile lile: "Mwalimu, ninunue programu gani ili ndege ya kivita ionekane ya kweli?" Usinunue kitu. Gareth Edwards alitengeneza efekti za Monsters, filamu yake ya 2010, kwa mkono wake mwenyewe, nyumbani, kwa programu za dukani. Leo Blender ni ya bure kabisa, na bado ndege zenu zinachekesha.

Wengi wanaamini kasoro iko kwenye modeli. Basi wanakesha wakiongeza ribiti, mikwaruzo na maandishi ya ubavuni. Upuuzi mtupu. F-16 ina urefu wa mita 15 hivi. Ikipita kilomita moja kutoka kwa kamera ambayo lenzi yake inaona nyuzi 40 kwa upana, itachukua pikseli 40 hivi katika picha yenye pikseli 1,920. Hiyo ribiti ataiona nani?

Kinachoiumbua ndege ni mwendo. Juzi nimeonyeshwa F-16 ikienda kilomita 900 kwa saa, ikakata kona yenye nusu kipenyo cha mita 100. Kwa kona hiyo rubani angeelemewa na zaidi ya mara 60 ya uzito wake, na ndege yenyewe imeundwa kuhimili mara 9. Kona halali kwa kasi hiyo inataka nusu kipenyo cha mita 700 hivi. Mtazamaji hatapiga hesabu hiyo, lakini jicho lake litakataa: anayegeuka vile ni inzi, si chombo cha tani zaidi ya 8. Halafu kamera nayo inaruka bega kwa bega na ndege, kisha inapita chini ya tumbo lake. Nani kaishika?

Haya, ya kufanya. Kamera ikae pale ambapo mtu angeweza kusimama, na ichelewe kidogo kuifuata ndege. Kama umepiga fremu 25 kwa shata ya 1/50, ukungu wa mwendo wa ndege ulingane na hapo. Weusi wake usizidi weusi wa mlima au jengo lililo umbali ule ule. Vumbi la hewani halibagui. Chembe za picha kwenye ndege ziwe zile zile za video uliyopiga. Mlio uchelewe sekunde 3 kwa kila kilomita. Ionekane kwa sekunde mbili, ipotee nyuma ya paa. Ukishamaliza yote hayo na bado inaonekana ya plastiki, ndipo uje tuzungumze habari za programu.