Mmoja Aruke, Wote Wacheze

Jumapili alasiri mjini Kisumu, palipowekwa trampolini ya kukodisha hapakosi foleni ya watoto walioshika viatu mkononi. Mwenye trampolini akizubaa kidogo, sita wanapanda kwa mpigo. Punde si punde yule mdogo kuliko wote anarushwa juu kuliko alivyotaka, anatua kwa goti, kilio kinaanza. Wenzake wanaapa kwamba hawakumgusa. Wanasema kweli: kilichomrusha ni kitambaa.

Mtoto anapotua, springi zilizozunguka fremu huvutika na kuhifadhi nishati ya mwendo wake. Zikijikunja tena, humrudishia. Kadiri zinavyovutwa, ndivyo nazo zinavyovuta kwa nguvu zaidi. Kanuni hiyo aliichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, na wanafunzi wa sekondari nchini Kenya huipima maabarani kwa springi na mawe ya mizani. Wamarekani George Nissen na Larry Griswold waliitumia kanuni hiyo hiyo walipounda trampolini ya kisasa katika miaka ya 1930.

Tatizo ni kwamba springi hazijui nani aliweka nini. Wawili wakitua kwa kupishana kidogo tu, nishati ya mmoja yaweza kuishia miguuni mwa mwenzake. Mwaka 2013 watafiti Manoj Srinivasan, Yang Wang na Alison Sheets walichapisha hesabu zake katika jarida la PLoS ONE. Kwa wawili walioanza na nishati sawa, uhamisho huwa mkubwa kabisa pale mmoja anapotua wakati mwenzake amezama chini kabisa. Kinadharia, nishati yote ya mmoja inaweza kuhama kwa mruko mmoja. Sasa fikiria kaka wa kilo 40 anayeshuka kutoka kimo cha nusu mita, na mdogo wake wa kilo 20. Nusu tu ya nishati ya kaka ikimwendea mdogo, inatosha kumpandisha nusu mita zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2012, walieleza kwamba karibu robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea watu zaidi ya mmoja wakiwa juu, na wadogo ndio huumia zaidi.

Lakini mchezo wa kundi si lazima uwe mruko wa kundi. Chukua mchezo wa nyama, ambao watoto wengi wa Kenya wanaujua. Kiongozi anataja mnyama: akiwa wa kuliwa, unaruka ukiitikia "nyama!"; asipokuwa wa kuliwa, unatulia. Huko Kisumu, kandokando ya ziwa, samaki nao wanaingia: ngege, mbuta, omena, kamongo, halafu ghafla, kiboko! Mmoja awe juu ya trampolini, wengine wazunguke chini wakitaja kwa zamu.

Hapo fizikia inaongeza utamu. Anayepanda nusu mita hukaa hewani kama sekunde 0.6, awe mnene au mwembamba, kwani muda huo hutegemea kimo cha mruko, si uzito. Akisikia "kiboko" akiwa angani, hawezi kughairi. Lazima aue mruko anapotua, kwa kukunja magoti ili miguu imeze nishati badala ya kuirudisha. Kusimama hivyo ndio ujuzi ambao kila mrukaji anauhitaji kabla ya madoido yoyote, na hapa mtoto anaupata huku akicheka.

Mchezo wa pili unahitaji mpira laini wa matambara. Mrukaji aushike mbele ya kifua, na akifika kileleni auachie bila kuusukuma. Mpira unabaki pale pale mbele yake, kana kwamba unaelea, mpaka miguu iguse kitambaa. Haukuelea: yeye na mpira wanaanguka kwa kasi ileile. Walio chini waamue kama ameuachia kweli au ameurusha kwa ujanja.

Kila mmoja apewe miruko kumi, wengine wahesabu kwa sauti. Mtu mzima awepo, springi zifunikwe, na wavu usiwe na tundu. Atakayelalamika kwamba zamu yake inachelewa, apewe kazi ya kutaja samaki.