Desemba, Mwezi wa Sahani Zinazotembea

Huku kwetu Garsen, habari za Krismasi huletwa na maembe. Ngowe zikianza kugeuka rangi kwenye miembe ya kandokando ya Mto Tana, simu nazo huanza kulia. "Mama, tunakuja." Hawasemi ni wangapi. Mwanamke aliyelea watoto ukanda huu anajua kwamba ndani ya "tunakuja" kuna kijana wake, mkewe, watoto wao, mdogo wa mkewe ambaye hajawahi kuona kiboko, na rafiki wa kazini ambaye kwao ni mbali. Watalala wapi? Hilo hawalitaji, kwa sababu mama yupo.

Ndiyo maana nasema Krismasi ya Mto Tana huhubiriwa na mchungaji lakini huendeshwa na kina mama. Mchungaji ana siku moja na mahubiri yake. Sisi tuna mwezi mzima, na kazi yetu tunaifanya kwa sahani.

Kwanza lazima watu wafike. Wanaotoka Mombasa hupitia Malindi, kisha hubaki na kama kilomita 110 za jua na vichaka hadi Garsen. Wa Nairobi wengine hukata njia ya Garissa na Hola. Nauli ya Desemba kila mtu anaijua: hupanda bila kuaga. Lakini mwenye neno la mwisho ni mto. Tana hutoka mbali, Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kwa hiyo kwetu jua linaweza kuwaka hadi mbuzi wakagombea kivuli, na mafuriko yakawa njiani kwa sababu kumenyesha huko juu. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara na kuzamisha mashamba, na familia nyingi za Tana Delta zikala sikukuu kambini, kwenye sufuria za kuazima. Tangu hapo sinunui mchele wa wageni kabla ya kupiga simu Embu. Mwanangu alioa huko, na wakwe zangu ndio kituo changu cha hali ya hewa. Mamake mkazamwana akisema kumenyesha usiku kucha, nami nahamisha magunia juu ya uchaga.

Wageni wakishateremka na mizigo, wahenga wanatawala: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza wajukuu hushikwa mashavu na kuambiwa wamekua. Mjukuu wa kiume aliyerithi jina la babu yake huitwa "mume wangu" na nyanya zake wote, wanaomdai nguo za sikukuu na kumwuliza mbona ameondoka bila kuacha pesa ya sukari. Mtoto wa Nairobi anayesikia hayo mara ya kwanza humtazama mamake kwa macho ya kuomba msaada. Siku ya pili huanza malalamiko: joto, mbu, mtandao. Mbu wa Garsen nawaombea radhi, joto nalo si langu, na mtandao uko pale kwenye kichuguu, panda. Siku ya tatu jembe linatoka. Kuna maembe ya kuangua, nazi za kukuna, mpunga wa kulindwa dhidi ya ndege, na kuni ambazo hazijipasui. Mtoni haendi mtoto peke yake. Mamba hamwulizi mtu anasoma shule gani.

Kuhusu maembe, hakuna anayelala njaa. Miembe yote huiva pamoja, kwa hiyo bei huanguka wakati ule ule tunapohitaji pesa, na madalali kutoka Malindi na Mombasa wanalijua hilo kuliko sisi. Wanachokiacha kinakuwa chai ya asubuhi, sharubati ya mchana na sababu ya kuamka usiku. Mjukuu ambaye mjini hufungiwa vipande vitatu vya embe kwenye kikopo cha shule, hapa hukaa chini ya mti na ndoo. Kufikia jioni tumbo limemfundisha kiasi, somo ambalo mimi nilishindwa kulifundisha kwa maneno.

Jikoni ndiko kwenye mtihani wenyewe. Mkazamwana anayefanya Krismasi yake ya kwanza ukweni hupimwa, ingawa hakuna atakayekubali kwamba anapimwa. Shangazi wa mumewe hukaa mkekani na nyungo, eti wanachambua mchele, na kila chuya moja inachukua muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Wangu wa Embu aliingia jikoni akaulizia mafuta ya kupikia. Nyungo zikasimama. Kwetu wali huiva kwa nazi, mboga huiva kwa nazi, ndizi mbichi huiva kwa nazi, na samaki akikosa nazi tunamwonea huruma. Nilimkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikamwonyesha namna ya kukuna bila kujikuna vidole, tui zito kando, tui jepesi kando. Alipoletewa kambare na masharubu yake alirudi nyuma hatua mbili. Lakini zilipofika chapati, alikanda, akakunja, akasukuma, na zikatoka na matabaka ya kuhesabika. Shangazi walikula kimya. Kimya cha wanawake wale ni cheti.

Jambo ambalo wageni wa mbali huwa hawalitarajii ni mchinjaji. Sisi Wapokomo ni watu wa mto mmoja na dini mbili. Ukipanda na mto kwenda Hola, wengi ni Waislamu; ukishuka Ngao na Golbanti, wengi ni Wakristo; na ukoo mmoja unaweza kuwa na mzee wa kanisa huku na imamu kule. Basi mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu, ili kila atakayepita mlangoni aweze kula bila kuuliza. Kwangu kazi hiyo ni ya shemeji. Huja alfajiri na kisu chake, husoma bismillahi, humaliza, kisha hunawa na kutangaza kwamba bila yeye hakuna Krismasi kijiji kizima. Si uongo. Fungu lake hutolewa kwanza, na Idi ikifika tunaenda kwake na watoto wote kulipa deni kwa midomo.

Kabla sisi wenyeji hatujagusa chakula, sahani hutoka. Moja kwa shemeji, moja kwa mzee asiyeweza kutembea, moja kwa jirani tuliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, na hiyo ndiyo hujazwa nyama zaidi. Moja huenda kwa mama Muorma anayeniletea maziwa ya chai mwaka mzima. Yeye ni wa ng'ombe, mimi ni wa jembe. Mtungi wake huingia kwangu na maziwa na hutoka na mahindi au maembe. Kwa mila zetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama kilichopatikana ni chumvi au ndimu mbili. Basi sahani zangu hurudi na tambi, na sukari, na mara moja zilirudi na kifaranga hai.

Nacheka, lakini hili la sahani silichukulii kwa mchezo. Mwaka 2012 wakulima na wafugaji wa delta hii waliuana. Desemba 21, siku nne kabla ya Krismasi, kijiji cha Kipao kilivamiwa na watu zaidi ya 30 wakafa. Msimu ule hakuna sahani iliyovuka popote. Mtu alipika akiangalia mlango. Amani ilipoanza kurudi viongozi walifanya mikutano, na ilihitajika. Lakini mikutano huisha jioni. Kinachobaki kesho yake ni mwanamke aliye na mtungi mlangoni, na mwenzake anayemwambia, "Pita ndani, chai iko."

Sasa twende kanisani, maana nisije nikaonekana nasherehekea mbuzi tu. Imani hii haikufika kwa urahisi. Mwaka 1886 mmisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa pale Golbanti. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi Ngao, ambayo baadaye ilishikwa na Wamethodisti. Leo vita vyetu ni vidogo zaidi: rangi ya sare ya kwaya. Wanawake wanaweza kuanza kujadili kitambaa mwezi wa Septemba na fundi akakabidhiwa Desemba 23, naye akakubali, kwa kuwa mafundi hawajawahi kukataa kazi ambayo hawataimaliza.

Kanisa hupambwa kwa makuti, baluni na karatasi za chooni zilizosokotwa kutoka boriti hadi boriti. Mgeni acheke akitaka. Ukizisokota vizuri zinapendeza, na Desemba 26 hazipotei bure. Usiku wa mkesha watoto hulala chini ya viti juu ya leso za mama zao, na huamshwa kwa ajili ya igizo. Wachungaji wa kondoo hatuna shida nao. Vijana huenda kwa majirani Waorma kuazima fimbo, wakajifunga vikoi, na mmoja wao ambaye amechunga kweli huwasahihisha wenzake namna ya kusimama kwa mguu mmoja. Herode hugombaniwa, kwa kuwa anaruhusiwa kupiga kelele kanisani. Mtoto Yesu huwa mtoto wa kweli, yeyote aliyezaliwa karibuni, na kila mwaka huanza kulia pale pale malaika anapotangaza amani.

Hapo Mariamu wa gredi ya nane humkabidhi mtoto kwa mama mwenyewe, na mama humbembeleza kwa lugha yake. Mwaka mmoja aliyemchukua alikuwa mama mmoja mzee, akaanza kuvumisha wimbo wa kubembeleza wa Kipokomo. Mjukuu wangu kutoka Nairobi alisimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Wenzake wakamtazama. Akaninong'oneza, "Nyanya, si ni wimbo wa taifa?" Ndiyo. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Thomas Kalume na Graham Hyslop, iliichukua sauti ya bembelezo la Wapokomo, aliyoitoa Mzee Meza Moroa Galana wa huku Tana River, ikaifanya wimbo wa taifa. Maneno ni mengine, sauti ni ile. Nilimwambia akae. Rais na majenerali husimama wakiisikia sauti hiyo, lakini ilitungwa kwa ajili ya watu waliolala.

Halafu sikukuu huisha, na Januari haina adabu, hubisha hodi kabla sufuria hazijakauka. Karo, sare, madaftari, viatu ambavyo Novemba vilikuwa vinatosha. Ile nguo ya Krismasi niliyoinunua kubwa makusudi hupigwa pasi na kuwekwa kwa Pasaka. Wanaoondoka hupakiwa: gunia la maembe, nazi, mchele wa shamba, samaki mkavu aliyefungwa magazeti matatu na bado anajitangaza. Utingo hulalamika, nami humpa embe, na hapo mzigo hupata nafasi.

Safari hii binti yangu aliosha vyombo siku tatu mfululizo, akaja na wazo. Mwaka ujao, alisema, tununue sahani za karatasi, mtu akimaliza atupe. Mama utapumzika, wala hutazunguka kijiji kutafuta bakuli la bluu. Alisema kwa upendo, na mgongo wangu ulikubaliana naye. Lakini nilimweleza kwamba lile bakuli la bluu lilikuwa kwa jirani wa mpaka wa shamba, na nilipoenda kulichukua tulikaa hadi magharibi, na mpaka ule tukaupima kwa maneno bila kumwita chifu. Sahani ya kutupa haina anayeirudisha wala anayeifuata. Anayetaka kunipumzisha Desemba ijayo, aje na sabuni.